Milima Isiyo na Wenyewe

Mwalimu wangu msimamizi alinipigia simu nikiwa nakoroga uji wa mdogo wangu. Akaniuliza, kwa ule upole wa wasomi unaotangulia kukataliwa, kama nilikuwa nimeelewa maana ya utafiti wa uwandani. Nikamwambia nimeelewa.

"Uwandani maana yake kuna uwanda, mama," akasema. "Kuna mahali. Unaenda, unakanyaga, unachomwa na miiba, unazungumza na watu. Sasa wewe umeniandikia kwamba uwanda wako uko ndani ya gemu."

Uji ukashika chini. Nilimjibu kwamba nitarekebisha pendekezo langu, nikakata simu, nikabaki nakwangua sufuria kwa hasira. Nilipompelekea mdogo wangu kile kilichosalia, nikamsimulia, alicheka mpaka uji ukamwingia puani.

"Mwambie huku kwetu hakuna uwanda," akasema. "Kuna milima tu. Utafiti wako uitwe wa milimani."

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari Kasulu. Nilikuwa nasoma shahada ya pili kwa masafa, na mada yangu ya kwanza ilikuwa njia za miguu za vijiji vya Muyama na Munanila: nani alizianzisha, zinapita kwenye shamba la nani, na kwa nini zinapinda pale zinapopinda. Naipenda mada hiyo mpaka leo. Njia ya miguu haipindi bure. Kuna mti ulianguka, au kuna kaburi, au kuna watu wawili waligombana na watoto wao bado wanazunguka. Niliwahi kukaa Munanila tangu asubuhi hadi jua la utosi nikisikiliza majirani wakibishana juu ya kona moja iliyo kando ya shamba la maharage, nikarudi Kasulu nimejaa furaha kama mtu aliyepewa mbuzi.

Kisha mdogo wangu akaanguka. Alikuwa mfugaji nyuki, hajaoa, akiishi na mama nyumbani kwetu, kijiji cha nje kidogo ya Kibondo. Siku hiyo alikuwa amepanda mti mmoja mrefu wa mtundu porini kutundika mzinga wa gogo. Mzinga aliufunga vizuri, hilo alilisema hata alipokuwa bado hajui kama ataishi. Wakati wa kushuka, tawi likamwacha. Wenzake walimtoa porini kwa ngobyi. Ngobyi kwetu ni machela ya miti na kamba ya kumbebea mgonjwa, na neno hilo hilo ndilo tunaloitia mbeleko ya mtoto. Mimi ndiye niliyembeba kwa ngobyi mgongoni alipokuwa mchanga, mama akiwa shambani. Kwa hiyo mama aliponipigia simu akaniambia, "Mdogo wako kaletwa kwa ngobyi," kwa kitambo kidogo nilimwona mtoto, nikashangaa kwa nini mama analia.

Hospitali walisema uti wa mgongo umeumia na miguu haitarudi. Walitufundisha kumgeuza kitandani ili asipate vidonda, wakatufundisha na mengine ambayo dada hapaswi kumfanyia mdogo wake wa kiume, nami nikayafanya. Kila Ijumaa baada ya vipindi nilipanda gari la Kibondo, na likizo zote nilikuwa huko. Njia za Munanila zikabaki na kona zao.

Parokia ilituletea kiti cha magurudumu. Kilikuwa kimekunjwa, na kilikaa vile vile kimekunjwa nyuma ya mlango wa chumba chake, kwa sababu mdogo wangu alikataa hata kukiangalia. Mama alikifunika kwa kitenge. Tulimbembeleza atoke, walau akae uani apate jua, aone watu wakipita kwenda sokoni. Hakutaka. Majirani vijana walijitolea kumbeba mpaka nje, akawashukuru, akageuza uso ukutani.

"Porini nilitoka kwa ngobyi," aliniambia walipoondoka. "Humu ndani nitabebwa kutoka siku moja tu, na siku hiyo sitakuwa na habari."

Kutoka nje ndilo jambo tulilokuwa tunaliomba, mimi na mama, kila mtu kwa namna yake. Hatukuomba miguu. Tuliomba kizingiti.

Mashine ya gemu niliinunua Kasulu, kwa jamaa mmoja wa Kikongo aliyekuwa anafunga kibanda chake cha gemu karibu na soko. "Iko muzuri, dada," aliniambia. "Haiko na problème. Juu ya pedi moja tu, ile kifungo ya kuruka inakamata-kamata kidogo." Akanichomekea na gemu moja ambalo, alisema, vijana walikuwa wanalikimbia kwa sababu ni refu na watu wake wanatembea sana. Nikajisemea kwamba hilo ndilo letu. Nilidhani mtu akionjeshwa kutembea atatamani kutembea. Nilidhani kitu hicho kitamvuta kwenda mlangoni.

Ndani ya gemu kulikuwa na nchi nzima. Kulikuwa na milima yenye misitu, mito, mabonde yenye ukungu, na bwana mmoja mwenye kofia ambaye kazi yake ilikuwa kuwafukuza maadui zake na kuwapiga risasi. Mdogo wangu hakumpiga mtu. Alimshusha yule bwana kwenye farasi, akaanza kumtembeza kwa mguu. Alimtembeza kando ya mito akitafuta maua yako wapi, miti ipi inafaa kutundikwa mzinga, upepo unatoka upande gani. Maadui walikuwa wanangojea huko walikoandikiwa kungoja, sisi tuko bondeni tunakagua vichaka.

Hapo ndipo nilipoanza kukaa naye, mimi na macho yangu ya kikazi. Nilimwomba afuate njia za miguu. Tulizifuata moja moja, na kila penye kona nilimwambia asimame tutafute sababu. Tulikuwa watafiti kweli. Tulibishana. Yeye alisema njia imekwepa tope, mimi nikasema hakuna tope, mto wenyewe haujai hata mvua inyeshe namna gani. Tuliona nyumba zisizo na choo wala jalala. Tuliona mashamba ambayo hayana njia ya kwenda kisimani. Mara moja tuliona, tukiwa chini bondeni, njia iliyopanda mlima mpaka kileleni, ikafika, ikaishia. Hakuna kanisa, hakuna mnara wa simu, hakuna mtu anayechunga.

"Sasa hii nani aliipita mara ya kwanza?" nikauliza.

"Aliyeichora," akasema mdogo wangu.

Niliandika hayo yote nikayatuma kwa msimamizi wangu, na kumbe ndiyo yaliyomfanya apige simu ile ya uji. Lakini baada ya wiki kadhaa alilainika kidogo. Aliniandikia kwamba anaona kuna kitu, ila nimjibu kwanza swali moja: wenyeji wa eneo langu la utafiti ni akina nani?

Swali hilo mama alikuwa ameshaliuliza kabla yake. Mama alikuwa na tabia ya kuingia na mboga zake chumbani, akakaa kwenye kigoda akichambua huku akitazama. Mara ya kwanza alipomwona mtu wa kwenye gemu akija kwa mbele njiani, aliweka mboga chini, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia sisi, akainamisha kichwa.

"Mwidiwe," akamwambia.

Yule mtu akapita. Mama akabaki na mikono yake imekutana kifuani, akingoja. Salamu ya Kiha haina haraka, unaulizwa wa nyumbani, unaulizwa wa shambani, wewe nawe unauliza. Mtu aliyepita bila kuitika ama ana msiba ama ana jambo baya moyoni.

"Mama, hao hawasikii," nikamwambia.

"Wana masikio, nimeyaona."

Mdogo wangu, badala ya kumweleza, alimgeuza yule bwana wake, akamkimbilia mtu aliyepita, akamsimamisha mbele yake. Kulikuwa na kifungo cha salamu. Akakibonyeza. Yule bwana akagusa kofia, mtu akaguna kitu kwa Kiingereza. Mama akaridhika, akarudia mboga zake. Tangu siku hiyo, mama akiwa chumbani, yule bwana hakuruhusiwa kumpita mtu bila kumsalimia, na safari zetu zikawa ndefu kweli.

Ndipo siku moja mama akatazama mlima mkubwa uliokuwa mbele yetu, wa kijani mpaka juu, akauliza, "Huo mlima wa nani?"

Kwetu mlima una watu wake. Ukikutana na mtu ugenini humuulizi mtaa, unamuuliza mlima. Nikamwambia mama kwamba huo hauna mwenyewe. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mwanawe akisema jambo la kitoto, akasema basi hatukuuliza vizuri.

Msimamizi wangu sikumjibu. Nilijaribu. Niliandika sentensi, nikafuta, nikaandika nyingine.

Wakati wa mvua za kwanza mdogo wangu alisikia nyuki. Kulikuwa na bonde moja, kwenye gemu, ambalo ukiingia na kunyamaza unasikia mvumo wa mbali. Aliongeza sauti ya televisheni mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Mimi pia niliusikia. Tulilichunguza bonde hilo mti kwa mti. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu aanguke, akinieleza kwamba nyuki hawafichiki kwa mfugaji, unatazama wanakoelekea jua likiwa chini, unafuata. Ijumaa iliyofuata nilimkuta bado yumo bondeni. Ijumaa nyingine tena. Mvumo ulikuwa kila mahali kwa kiasi kile kile, haukuzidi ukisogea wala haukupungua ukiondoka.

"Ni sauti tu," akasema hatimaye, akaweka pedi ya gemu kifuani. "Wameimwaga bondeni kama unga." Akapunguza sauti ya televisheni. "Hata ule mzinga wangu wa mwisho labda ni hivyo hivyo. Gogo tupu. Niliutundika, nikaanguka, sijui kama waliingia."

Nikamwambia nitakwenda kuangalia.

"Ukikuta nyuki," akasema, "nitatoka. Nitakaa kwenye hicho kiti chenu, mtanisukuma mpaka barabarani, na kiangazi mtanipeleka nikauone."

Nilimwambia arudie, akarudia. Nikatoka nje nikamwambia mama, mama akakaa chini palepale alipokuwa.

Nilikwenda Jumamosi na mmoja wa wale wenzake waliombeba. Tulipofika kwenye kilima chenye mtandao, nikampigia mdogo wangu simu ya picha, yule mwenzake akabaki pale juu na simu yake akinirushia mtandao, mimi nikashuka na simu nikiwa nimeishika mbele yangu. Mdogo wangu akaanza kuniongoza.

"Kushoto. Nenda. Simama hapo, geuka polepole. Polepole, dada. Huo siyo, huo mninga. Nenda mbele."

Nilikwenda mbele. Niligeuka aliponiambia nigeuke, nilisimama aliposema simama. Ilichukua muda kabla sijatambua kwamba sauti anayonisemesha nayo ni ile anayomsemesha yule bwana mwenye kofia. Sikuudhika. Nilitamani ningekuwa mwepesi kama yule bwana, nisiwe mtu wa kuteleza kwenye majani mabichi na kushika sketi.

Mtundu niliutambua kwa kidonda cha pale tawi lilipokatika. Juu yake mzinga ulikuwepo, umelala sawasawa, kamba zimekaza. Niliinua simu. Mdomoni mwa gogo kulikuwa na nyuki, wengi, wakiingia na kutoka kama watu wa sokoni.

Nilidhani mtandao umekatika.

"Unawaona?" nikauliza.

"Sogea nisikie."

Nikasogea mpaka shinani. Nikainua mkono mpaka ulipoishia.

"Bado," akasema. "Panda kidogo."

Niliweka kiganja kwenye gome la ule mti. Nadhani ningepanda. Sijapanda mti tangu utotoni, lakini sauti yake ilikuwa na njaa, na mimi kwa muda mrefu sikuwa nimeombwa kitu ninachoweza kumpa.

"Hapana," akasema haraka. "Toka hapo, dada. Toka chini ya huo mti. Rudi nyumbani."

Jumapili baada ya kanisa walikuja majirani. Mdogo wangu alikuwa ameniomba nimnyoe, akavaa shati la sikukuu. Mama alikiondolea kiti kitenge chake, tukakikunjua kwa mara ya kwanza. Vijana walimwinua kutoka kitandani wakamkalisha, akashika magurudumu kwa mikono yake miwili, akajisukuma mwenyewe. Alifika mlangoni na kiti kikagonga miimo.

Tulidhani kimekaa upande. Tukakirudisha nyuma, tukakinyoosha. Kikagonga tena, kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Marehemu baba aliijenga nyumba ile kwa matofali ya kuchoma na udongo, na milango aliipima kwa mwili wake, akiwa mtu mwembamba. Siku zote hizo tulizokuwa tunambembeleza atoke, tukimwona yeye ndiye mkaidi, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekikunjua kile kiti akakipeleka mlangoni kuona kama kinapita. Mimi ninayepima miteremko sikukipima.

"Tumbebe," akasema kijana mmoja. "Ni hatua chache tu, tutoe kiti, tumkalishe nje."

"Hapana," akasema mdogo wangu.

Nilimsihi. Kisha nikamkasirikia mbele za watu, nikamwambia ametoa ahadi, nikamwambia anamtesa mama. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika magurudumu.

"Nilisema nitatoka nimekaa, dada."

Fundi aliitwa siku ile ile. Alipapasa ukuta, akatazama juu, akasema kupanua mlango kunawezekana, lakini ukuta ule ndio uliobeba paa, na kwa mvua hizi udongo umelegea. Akibomoa sasa nyumba yote itakuja. Tusubiri kiangazi. Alisema kwa adabu, akakataa chai, akaenda zake. Wale vijana wakamrudisha mdogo wangu kitandani kwa shati lake la sikukuu. Kiti kilibaki katikati ya chumba kimekunjuliwa, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kukikunja.

Jioni hiyo aliwasha gemu. Mimi nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikiwa na simu yangu mkononi na lile swali la msimamizi bado limefunguliwa. Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Yeye alimpeleka yule bwana kwenye ule mlima ambao mama aliuliza ni wa nani. Tangu tuanze kutembea hakuwahi kumpandisha mahali popote. Alikuwa anamzungusha chini ya kila mlima, hata tukipoteza saa nzima, nami sikuwahi kumuuliza kwa nini. Sasa alimpandisha, jabali kwa jabali, akibonyeza kile kifungo kinachokamata, mpaka kwenye genge lililo juu kabisa. Akamsimamisha ukingoni. Kisha akamsukuma mbele.

Yule bwana alianguka kwa muda mrefu. Alijigonga, akajigonga tena, kofia ikaruka. Kioo kikawa cheusi. Halafu mwanga ukarudi, naye alikuwa amesimama kando ya njia, mzima, kofia kichwani, akijipangusa vumbi.

"Nani kambeba?" akauliza mama.

Hatukujua kwamba alikuwa ameingia. Alisimama na bakuli la maharage, macho yake kwenye kioo.

"Hakuna, mama," akasema mdogo wangu.

"Kaanguka kule juu, nimemwona. Kafikaje njiani?"

"Anainuka mwenyewe. Ndivyo alivyotengenezwa."

Mama alitafuta mahali pa kukaa. Kigoda chake kilikuwa kimesogezwa na wageni, na kilichokuwepo karibu kilikuwa kile kiti, kimefunguliwa, kinamngoja mtu. Akakaa humo, magurudumu yakasogea kidogo, akaliweka bakuli mapajani.

"Mwambie arudie," akasema.

Mdogo wangu akampandisha tena, na sisi watatu tukakaa tukingoja aanguke.